Mama Mkubwa na Mashine ya Vidole

Mama yangu mkubwa, Kanakaratnam, alikuwa hana alama za vidole, na kwa miaka mingi jambo hilo halikumnyima usingizi. Lilimsumbua mwenye duka la mgao wa serikali tu. Kila mwanzo wa mwezi mama mkubwa alikwenda kuchukua mchele wake, akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, kimashine kikalia kukataa. Akaweka cha pili, kikakataa tena, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mwenye duka aliishia kuandika jina lake kwa kalamu na kumpimia mchele, maana kijijini kwetu Atreyapuram, kusini mwa India, hakuna mtu asiyemjua.

Alama hizo zililiwa na chungu cha kupikia. Yeye ni mtengenezaji wa putarekulu, vitamu vya karatasi za mchele, kama nusu ya wanawake wa kijiji chetu. Chungu kinageuzwa kichwa chini juu ya moto wa makuti makavu, kitambaa kinachovywa kwenye uji mwepesi wa mchele, kinapitishwa mara moja juu ya mgongo wa chungu, na papo hapo inabaki karatasi ya mchele, nyepesi hata ukikohoa inaondoka. Karatasi hiyo haibanduliwi kwa kijiko. Unaibandua kwa ncha za vidole, upesi, kabla haijaungua, unaiweka kando, unaanza nyingine. Yeye alibandua mia tatu kwa siku kwa miaka arobaini na mmoja. Baadaye karatasi zinapakwa samli, zinanyunyiziwa sukari guru, zinakunjwa, na watu wa mjini wanazimaliza kwa kumeza mara mbili. Mimi nilijaribu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilitoboa karatasi thelathini mfululizo, na mama mkubwa akanitazama kwa huruma. "We Padmaja," akasema, "nenda shule."

Nikaenda shule. Leo nina kibanda cha kujaza fomu kituo cha basi: kompyuta moja, printa moja, na shuka jeupe ukutani la kupigia picha za pasipoti. Watu wetu wengi wanakwenda Kuwait, na kabla hawajaenda wanapitia kwangu. Ninawaangalizia kurasa tupu za pasipoti, ninawaangalizia picha, ninawaangalizia tarehe. Tangu nifungue kibanda, hakuna niliyempeleka akarudishwa kwa kosa la karatasi. Nasema hivyo kwa majivuno, na anayeudhika na audhike.

Ndiyo maana safari ya mama mkubwa ilinitoa jasho kuliko zote.

Binti yake wa pekee, Haimavati, yuko Kuwait na mumewe Bhaskar, fundi wa viyoyozi. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke anarudi kujifungulia kwa mama yake. Haimavati hakurudi. Bhaskar alikuwa amebadilisha kazi, karatasi zao zilikuwa zinashughulikiwa, wakasema watakuja mwezi ujao, na mwezi ujao ukageuka mwezi mwingine. Alijifungulia huko huko, na mtoto hakuishi hata siku moja. Mama mkubwa alipata habari kwa simu akiwa mbele ya chungu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi siwezi kuueleza. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo alikuwa na sentensi moja: "Wa pili nitakuwepo." Hakuisema kwa kulia. Aliisema kama mtu anayekutajia siku ya soko.

Haimavati alipopata mimba ya pili, tulipanga aje mapema. Mimba ilipofika miezi saba daktari akamwambia alale, asipande hata ngazi, sembuse ndege. Basi mama aende kwa mwana. Bhaskar akaomba viza ya matembezi, mimi nikafungua kabati la mama mkubwa na kutoa pasipoti yake. Aliichukua zamani, mume wake alipokuwa hai na wote wawili walitaka kwenda kumtembelea Haimavati. Kisha mume akaugua, akafa, na pasipoti ikabaki kati ya sari zake haijagongwa muhuri hata mmoja. Nikafungua ukurasa wa picha. Ilikuwa inaisha tarehe ishirini na sita Agosti.

"Bado iko hai," akasema mama mkubwa.

"Iko hai kwako. Mpakani wanataka iwe na miezi sita mbele, kuanzia siku unayoingia. Si siku unayotoka nyumbani, mama mkubwa, siku unayoingia."

"Kwani nitakaa miezi sita?"

"Hata ukikaa siku sita."

"Sasa si uchoyo huo? Mtu ana kitu hakijaisha, wao wanasema kimeisha."

Nilitaka tuibadilishe pale pale, lakini Bhaskar alikuwa ameshaomba viza kwa nakala ya zamani ya pasipoti ile, na mpya ingetaka viza mpya, na wiki ambazo mimba haikuwa nazo. Viza ikatoka katikati ya Februari. Siku ya mwisho ya kuingia ilikuwa tarehe ishirini na sita mwezi huo. Nikamkatia tiketi ya tarehe ishirini na mbili, zimebaki siku nne za kupumulia, nikajiona mjanja.

"Hiyo ni siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

Akanitazama kama nimemwambia avue sari sokoni. "Jumanne, siku ya mkosi, ndiyo nitoke nyumbani kwenda kumzalisha mwanangu? Umesoma, Padmaja, lakini hiyo shule ilikuwa na matundu." Nikabishana naye siku nzima. Nikamwonyesha kalenda, nikamwonyesha tarehe. Akanionyesha na yeye kalenda yake, ile yenye nyota. Tukahamisha tiketi hadi Alhamisi tarehe ishirini na nne. Siku nne za kupumulia zikawa mbili.

Lakini tarehe ni hesabu, na hesabu naiweza. Kilichonitia baridi ni vidole. Kule uwanja wa ndege wanachukua alama, vidole vyote kumi. Mtu akikataliwa na mashine ya mgao anaandikwa kwa kalamu kwa sababu anajulikana. Kuwait nani anamjua Kanakaratnam? Na wakimrudisha, hata kwa siku tatu tu, pasipoti itakuwa imeshapita mstari. Mtoto angezaliwa na yeye yuko Atreyapuram.

Nilikuwa nimesikia kutoka kwa wateja wangu, wavunja kokoto na wachota chokaa, kwamba vidole vikipumzishwa wiki tatu na kupakwa mafuta, ngozi inarudi. Kwa hiyo tangu siku viza ilipoombwa nilikuwa nimeshatoa amri: hakuna kugusa chungu, hakuna kuosha sufuria, hakuna hata kumenya kitunguu. Asubuhi na jioni mikono kwenye bakuli la mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

Ungemwona. Mwanamke ambaye siku ya mazishi ya mumewe alipika wali wa watu themanini, sasa ameketi barazani, mikono bakulini, wenzake wanafanya kazi mbele yake. Msimu wa harusi ulikuwa umewaka. Viraveni, ambaye chungu chake kiko ubavuni mwa chungu cha mama mkubwa tangu wote wawili ni maharusi, hakumhurumia hata kidogo.

"Jamani, malkia ameamka! Mlete mtu wa kumpepea."

"Pepea chungu chako, shoga, moto unazima."

"Mikono laini hivyo, hata mimi ningekuoa."

"Ungenioa ungeninyima chakula, nakujua."

Alitukana uvivu wake mwenyewe kutwa nzima. Mikono ilimwasha. Alikuwa akiitoa bakulini, akaiinua mbele ya uso, akaitazama kama mali ya mtu aliyoshikishwa. Alikonda wiki zile kwa kukosa kazi, na mimi, nisiyetoa machozi ovyo, siku moja nilimkuta amelala kitandani mikono yake miwili imefungwa kwenye mifuko ya nailoni yenye mafuta, nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Nilimpenda mno kwa wakati ule.

Siku ya kumi na nane tukaenda duka la mgao. Haikuwa zamu yake ya mchele, nilimbembeleza mwenye duka atujaribishie tu. Mama mkubwa akaweka gumba la kulia. Kimashine kikafikiri. Taa ikawaka kijani. Akaweka la kushoto, kijani tena. Mwenye duka akapiga makofi, na wateja wake wakapiga makofi bila kujua kwa nini. Njiani kurudi, mama mkubwa alimsimamisha kila tuliyekutana naye akamwonyesha kidole.

Hapo ndipo Haimavati akapiga simu.

Sitamlaumu. Alikuwa amelala miezi miwili akitazama dari. Akamwambia mama yake, kwa sauti ya mtoto, "Mama, hamu yangu moja tu. Zile zako. Si za Viraveni, si za dukani. Za mkono wako."

Nilikuwepo, nikaikata hoja haraka: Viraveni atatengeneza, wewe utabeba, atajuaje? Mama mkubwa akaitikia. Akaitikia mapema mno, nami kwa upumbavu wangu sikushtuka.

Jumatatu mchana, siku tatu kabla ya safari, nilikwenda kwake kumpelekea nakala za viza. Barazani hapakuwa na mtu. Nyuma ya nyumba nikaona moshi wa makuti. Nikaenda mbio, nikamkuta kwenye chungu, amejifunga mkono wa kulia kwa kitambaa cheupe hadi kwenye kiwiko, ameubana kifuani kama umevunjika. Anafanya kazi kwa mkono wa kushoto.

"Mama mkubwa!"

"Usipige kelele, utanitobolea."

"Umenichinja! Wiki tatu nzima! Umenichinja!"

"Wa kulia sijaugusisha. Angalia. Hata jasho halijaupata."

"Wanataka kumi! Nimekwambia mara ngapi wanataka vidole kumi?"

"Wakiona vitano vizuri, vitano vingine watasamehe. Serikali nayo ina watu ndani yake."

Kisha nikatazama sinia. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa akitoa karatasi nyembamba kuliko mwanamke yeyote kijijini, zile zinazoonyesha mistari ya kiganja ukiziweka juu yake. Zilizokuwa kwenye sinia siku ile zilikuwa nene, zimekunjamana, zimechanika pembeni, kama kazi yangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Na ngozi ya vidole vile, iliyolainishwa kwa mafuta wiki tatu, ilikuwa imetoka malengelenge kila ncha. Isitoshe, kwetu hakuna mtu anayempa hata ombaomba chakula kwa mkono wa kushoto, na mama mkubwa ndiye aliyetuchapa sote kwa kosa hilo.

"Usimwambie mkwe wangu nimetumia upi," akasema, kwa aibu.

"Mama mkubwa, kwa nini?"

Akabandua karatasi moja, ikachanika, akaiweka pamoja na zile nyingine hivyo hivyo. "Mara ya kwanza mwanangu alikuwa na shida, na mimi sikumpelekea kitu," akasema. "Hata punje. Sasa ameniomba kitu kimoja, nimpelekee cha Viraveni?"

Nilichukua kikapu cha makuti nikakaa upande wa pili nikachochea moto, huku nikimtukana kimoyomoyo yeye, Haimavati, Kuwait, na aliyebuni mashine.

Kuna jambo sikumwambia, kwa kuwa lingemuua kwa hofu. Wako watu waliofukuzwa Kuwait ambao hujichoma ncha za vidole ili wakirudi wasitambulike. Mpakani wanawajua. Wateja wawili walishawahi kuniuliza mimi bei ya kufanyiwa hivyo, nikawafukuza kibandani. Na sasa nilikuwa nampeleka mama mkubwa mwenye mkono mmoja uliotoka kuungua.

Alhamisi, uwanja wa ndege wa Hyderabad, msichana wa kaunta alifungua pasipoti, akahesabu kwa kucha yake juu ya meza: Machi, Aprili, Mei... Nilihesabu naye. Alifika Agosti, akamtazama mama mkubwa, akatabasamu. "Bibi, umewahi mwishoni kabisa." Akampa kadi ya kupandia ndege. Mama mkubwa akaingia ndani amekumbatia kopo la bati lenye putarekulu zake, mkono wa kushoto umefichwa kwenye sari, hakugeuka nyuma. Nikakaa kwenye kiti cha chuma, na sikuondoka pale kwa saa saba.

Yaliyotokea Kuwait niliambiwa kwa simu na yeye mwenyewe, na baadaye na Subhashini, mama kutoka Kadapa, jimboni kwetu, anayefanya usafi uwanja ule. Yanafanana, isipokuwa kwa mama mkubwa afisa ni mrefu zaidi.

Afisa kijana alichukua mkono wa kulia kwanza. Vidole vinne, kijani. Gumba, kijani. Akaonyesha kwa ishara: wa kushoto. Mama mkubwa akaweka. Nyekundu. Afisa akapangusa kioo, akaweka tena. Nyekundu. Akaushika ule mkono, akaugeuza juu, akaona malengelenge, na uso wake ukabadilika. Akamtoa kwenye foleni akamkalisha kando, akaenda na pasipoti.

Alikaa pale kwa muda wa saa tatu na nusu. Haelewi lugha, hana simu inayofanya kazi, Bhaskar yuko nje hajui kitu. Ananiambia kwamba alikuwa akijiuliza jambo moja tu: kama wanamrudisha, je, wataruhusu kopo lifike kwa Haimavati peke yake?

Akapita Subhashini na ndoo yake, akaona sari, akaona namna ilivyofungwa, akasema kwa Kitelugu, lugha yetu, "Mama, umefanya nini kukaa kwa wahalifu?" Mama mkubwa hapo ndipo alipolia. Kisha akaeleza kila kitu, kuanzia chungu. Mkubwa wa maafisa alipokuja, Subhashini aliweka ndoo chini akawa mkalimani, kwa Kiarabu alichokiokota jikoni kwa watu.

"Muulize, amejichoma kwa makusudi?"

"Anasema ndiyo," akajibu Subhashini, kisha akashtuka na neno lake. "Hapana, subiri, bwana mkubwa! Anasema alikuwa anapika."

"Nani anapika kwa ncha za vidole?"

Mama mkubwa akafungua kopo. Akachukua karatasi moja ya kufutia mkono kutoka mezani, akageuza kikombe cha afisa kichwa chini, akaonyesha: kitambaa, kupitisha, kubandua. Alionyesha kwa mkono wa kulia, kwa kasi yake yote, mara tano, sita, na vidole vikicheza juu ya kikombe. Maafisa wawili wengine wakasogea kutazama.

Mkubwa akarudi kwenye kompyuta. Vidole vitano vya kulia vilikuwa vimesomeka safi, na kwenye kumbukumbu zao zote hapakuwa na mtu mwenye mkono ule. Hajawahi kuingia, hajawahi kufukuzwa. Akatazama pasipoti, akatazama tarehe, akahesabu na yeye. Kisha akauliza la mwisho.

"Kwa nini umeunguza mmoja tu?"

Subhashini akatafsiri. Mama mkubwa akaona swali lenyewe la kijinga.

"Kwa sababu huu wa kulia niliwawekea nyinyi," akasema.

Subhashini anaapa kwamba mkubwa yule alicheka mpaka akavua kofia. Kwenye nafasi ya mkono wa kushoto akaandika maelezo, akatia saini, akagonga muhuri. Mama mkubwa alitaka kumpa putarekulu moja, akaikataa kwa heshima, na mama mkubwa akafurahi kwa kuwa zilikuwa chache.

Kuhusu kopo, Haimavati aliniambia mwenyewe. Alilifungua akiwa kitandani, akatoa ya kwanza, akaona unene, akaona ilivyochanika, akadhani mama yake amezeeka ghafla, mikono inatetemeka, na hakuna aliyemwambia. Akaanza kuila huku akijizuia. Mama yake alipokwenda kunawa, akauona ule mkono wa kushoto. Alikula zote kumi na nne, na Bhaskar alipoomba hata kipande akaambiwa ajitafutie mama yake.

Uchungu ulimshika siku ya tatu, wiki mbili kabla ya ilivyohesabiwa. Nesi akaruhusu mtu mmoja kuingia. Haimavati alishika mkono uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ulikuwa wa kushoto. Akaukaba kwa saa tisa nzima, malengelenge yote yakapasuka. Mama mkubwa hakuutoa wala hakumpa mwingine. Alizaliwa msichana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Nilimuuliza mama mkubwa kwenye simu kama iliuma. Akaniambia niache maswali ya kiafisa. Haimavati akamnyang'anya simu.

"Padmaja," akasema, "mara ya kwanza nilishika chuma cha kitanda."